Gati la Waliotengwa

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amekufa, mwaka ambao mvua za vuli hazikufika kabisa Endabash. Mkunga alitoka nje, akanawa mikono kwa majivu, akapita mbele yangu bila kunitazama usoni. Kwa kutonitazama kwake nikajua kwamba tayari tulikuwa ndani ya metimani.

Kwetu sisi Wairaqw, ambao watu wengine walituita Wambulu, nyumba iliyoguswa na kifo cha mtoto ilijitenga, na kujitenga huko ndiko tulikokuita metimani. Hamchoti maji kisimani pamoja na wengine, hamwombi moto kwa jirani, ng'ombe wenu hawachanganyiki na wa mtu, hampeani mkono na yeyote, mpaka wazee waseme yametosha. Haikuwa chuki. Watu waliamini kifo huambukiza kama surua, na kikishaonja nyumba moja hutafuta mlango wa pili. Zamani nyumba zetu zilikuwa mbalimbali, kila moja katikati ya shamba lake, na kujitenga kulikuwa kazi rahisi. Lakini miaka ile tulikuwa tumehamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa kwa mstari. Asubuhi kivuli cha paa letu kilianguka ndani ya uwanja wa kaka yangu.

Kaka yangu ndiye aliyenilea. Baba yetu alikufa nikiwa bado nachunga ndama, na kaka akaninunulia kaptura ya shule kabla hajajinunulia yeye blanketi. Sasa alikuwa na watoto wanne, wa mwisho bado anabebwa mgongoni, na ng'ombe wake walikuwa wakianguka mmoja baada ya mwingine. Mahindi hayakuwapo. Yeye na mkewe walikuwa wameanza kula mara moja kwa siku ili watoto wale mara mbili.

Mimi nilikuwa katekista. Nilifundisha kwamba Mungu amekishinda kifo, na kwamba mkono wa mtu aliyefiwa haumdhuru mtu. Padri alipopata habari alikuja na pikipiki, akatupa mkono mbele ya watu wote, akakaa kwetu, akatubariki. Kisha akaenda kumsalimu mzee mmoja jirani, akapewa kiti. Alipoondoka, kile kiti kilibaki nje juani siku nyingi, hakuna aliyekigusa, mpaka miguu yake ikapasuka. Mwenyekiti wa kijiji naye alitujia. Alisimama ng'ambo ya barabara.

"Hizi ni fikra za kale," alisema kwa sauti. "Chama hakizitambui."

"Karibu basi, mwenyekiti," mke wangu akamjibu kutoka mlangoni.

"Nina haraka kidogo, mama," akasema, akaondoka.

Jioni moja kaka yangu alikuja kwenye mpaka wa uwanja wake. Alichuchumaa, akaweka fimbo mbele yake ardhini.

"Mdogo wangu," akasema, "unajua sikuchukii."

"Najua, kaka."

"Watoto wanacheza kwenye kivuli chako. Nawafukuza, wanarudi. Siwezi kuwafunga kamba."

"Unataka tuondoke."

"Nataka watoto wangu waishi. Hilo tu ndilo ninalolitaka, sina lingine tena."

Wapo vijana wa kanisa walioniambia baadaye kwamba ningesimama imara nisiondoke. Sikuiamini ile metimani, na Mungu anajua. Lakini kumlazimisha mtu anywe maji anayoyaogopa si kumbatiza. Tulifunga chungu, mkeka na shoka, tukateremka ukuta wa bonde kuelekea ziwa Eyasi, kwa kuwa ziwa lile halikuwa kisima cha mtu. Mke wangu alitembea polepole, ameshika kiuno, na kila tulipopumzika alitazama juu tulikotoka. Nilijiambia kwamba, Mungu akinijalia kupata chakula chochote huko chini, watoto wa kaka yangu watakila pia, ingawa sikuwa na njia ya kukifikisha mikononi mwao.

Kwenye ufuko, pale kijito cha maji baridi kinapoingia ziwani, tulimkuta mtu mmoja amekaa juu ya jiwe, ameshika fito ya kuvulia. Alikuwa Mnyiramba kutoka Singida. Alikuja Karatu kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, akateremka kulima vitunguu vya watu, na mfereji ulipokauka akaachwa bila kazi.

"Karibuni baharini," akasema.

"Hili ni ziwa," nikamwambia. "Na sisi tumetengwa, tumefiwa. Usitukaribie kabla hujajua."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Kwetu mtu akifiwa tunampelekea unga," akasema. "Unga sina. Nina kambale."

Mimi na mke wangu tulitazamana. Watu wetu hawakula samaki. Tulimhesabu pamoja na nyoka, na utotoni tusi la kumwambia mwenzako kwamba babu yake alikula samaki lilimaliza mchezo na kuanzisha ngumi. Yule bwana alimtupa kambale miguuni pangu, ana masharubu, anateleza, anafungua na kufunga mdomo. Nilichukua kisu nikamchinja koo kama mbuzi, nikamwinamisha kichwa ili damu itoke vizuri, nikaanza kusali.

"Katekista," akasema yule Mnyiramba, "unamwombea au unamwogopa?"

"Vyote viwili."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye alikuwa Mwislamu, akasema bismillahi yake fupi, akampasua samaki tumboni kama inavyotakiwa. Mke wangu ndiye aliyekula kwanza. Alikula akitema miiba kiganjani, na alipomaliza akauliza kama kichwa nacho kinaliwa. Baada ya majuma machache damu ilirudi usoni mwake. Kwa hilo nilimshukuru Mungu wakati ule na namshukuru hata sasa.

Uvuvi wetu ulikuwa wa ufukweni, kwa mkono. Ndoana tulikunja kwa spoku za baiskeli. Uzi tuliutoa kwenye tairi bovu la lori, nyuzi zile za ndani, tukazisokota na kuzipaka utomvu. Boya lilikuwa kipande cha kandambili. Minyoo ya chambo tuliichimba kwenye tope la kijito. Shida ilikuwa ziwa lenyewe. Jua lilikuwa likilikausha, na kila juma maji yalirudi nyuma yakaacha tope jeusi lenye ukoko mweupe wa magadi juu yake. Ukoko ule unamdanganya mtu wa ng'ombe, kwa sababu unafanana na ardhi ya chumvi tunakopeleka mifugo kulamba, ardhi ngumu inayobeba hata dume. Hapa chini yake hapakuwa na kitu. Mguu ulizama hadi gotini, na ukivuta mmoja, wa pili unazama zaidi.

Kwa hiyo tulijenga. Tulibeba mawe kutoka mguuni mwa mlima kwa ngozi ya ng'ombe, tukalaza magogo ya mikoche juu ya tope, tukapanga mawe juu ya magogo, tukasogea mbele kadiri maji yalivyokimbia. Yule Mnyiramba aliwahi kuona bandari ya Mwanza, akakiita tulichokijenga gati. Akifika mwisho wake alisimama, akapungia mkono meli ambazo hazikuwapo. Upana wake ulitosha mtu mmoja kupita. Ukikaa mwisho pale, miguu ikining'inia, ulivua perege mpaka mkono ukachoka, kwani samaki walikuwa wamebanwa pamoja katika maji yaliyobaki. Wengi walielea tayari wamekufa. Harufu ilikuwa nzito, na korongo walisimama wameshiba, hawajishughulishi hata kuruka.

Mke wangu alikausha. Hakuna aliyemfundisha kukausha samaki, akafanya alivyojua: aliwatoa miiba, akakata nyama mikanda mirefu myembamba, kama tunavyokata nyama ya ng'ombe, akaining'iniza kwenye miiba ya mgunga. Mnyiramba alisema hajaona samaki aliyefanyiwa dhihaka kubwa namna ile. Ndipo nikamwomba.

"Wewe hukutengwa," nikamwambia. "Unapanda kijijini kubadilisha magadi. Mpelekee kaka yangu mfuko mmoja. Sema ni samaki wako."

"Wakipokea?"

"Wana njaa."

"Kwa hiyo mimi nidanganye, wewe usali."

"Beba tu, ndugu yangu."

Alibeba. Aliporudi alisimulia kwamba shemeji yangu alipika nje, juu ya mafiga matatu mapya, kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, ili asichafue chungu cha nyumbani. Watoto walikula. Kaka yangu hakuuliza lolote. Akapeleka tena, na tena. Mara moja alirudi akasema mtoto wa mwisho tumbo limevimba lakini mikono ni kama njiti. Siku ile nilivua hadi usiku ukanifukuza.

Kisha asubuhi moja kaka yangu akateremka mwenyewe. Tulimwona kwa mbali, mrefu, blanketi begani, fito mpya mkononi. Ng'ombe wa mwisho alikuwa amekufa, na mifuko ya yule bwana haikutosha nyumba ya watu sita. Alisimama mbali na kibanda chetu, umbali wa desturi, akatusalimu.

"Hiyo barabara ndani ya maji," akauliza, "nani kaijenga?"

"Sisi, kaka."

"Kwa mikono yenu?"

"Kwa mikono yetu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza, akaenda kutafuta mahali pengine ufukweni.

"Shemeji mkubwa," Mnyiramba akampigia kelele, "samaki hawajui metimani."

"Samaki hawana watoto," kaka akajibu bila kugeuka.

"Wanao, tena wengi kuliko wewe."

Niliona mabega ya kaka yakitikisika kidogo. Nadhani alicheka. Alikata matawi, akayatandaza juu ya tope sambamba na gati letu, akatambaa nayo mpaka majini, akasimama akivua. Siku mbili alifanya hivyo akapata samaki wachache wadogo. Siku ya tatu Mnyiramba alipanda kijijini na mfuko wake, mke wangu akaenda kuchota maji kijitoni, nikabaki peke yangu mwisho wa gati, na kaka upande wangu wa kulia, karibu kiasi cha kumfikia kwa fito.

Alasiri upepo ulishuka kutoka ukingo wa bonde. Ziwa Eyasi ni kama sinia: upepo ukisukuma, maji yote yanahamia upande mmoja. Mvuvi wa kule anajua. Kaka yangu alikuwa mfugaji. Maji yalipompanda kutoka magotini hadi mapajani alitaka kurudi, akakanyaga nje ya matawi, akazama kwenye tope. Alivuta mguu, akazama zaidi. Maji yakamfika kiunoni.

"Kaka, shika fito," nikamwambia, nikainyoosha.

"Hiyo ni yako."

"Ndiyo, ni yangu. Shika."

"Iondoe."

"Maji yanapanda."

"Nayaona. Usije hapa. Nina watoto wanne kule juu, unanisikia? Ukinigusa nitawapelekea."

Hakupiga kelele. Alisema kama alivyoniambia zamani nisisahau kufunga mlango wa zizi. Mawimbi madogo, machafu, yalimpiga kifuani. Alitazama mbele yangu, si machoni pangu, akiendelea kujaribu mguu mmoja na kisha mwingine. Mimi sikujua kuogelea. Nilisema Baba Yetu mpaka katikati, nikateremka kutoka kwenye mawe.

Nilipomfikia maji yalikuwa yanagusa kidevu chake. Alinipiga kiwiko mdomoni, nikameza maji ya magadi na damu yangu. Nikamkumbatia chini ya makwapa, mguu wangu mmoja ukiwa umebanwa kati ya ncha za magogo yaliyochomoza chini ya gati, na huo ndio uliotuokoa sote wawili, maana ulikuwa kama kigingi. Alinipiga tena. Halafu akaacha kunipiga, akanishika shingoni kwa mikono yote miwili. Tulitoka taratibu sana. Tuliposhika mawe, mke wangu alikuwa amefika mbio, akatuvuta kwa nguo.

Kaka alikaa juu ya gati akitazama viganja vyake.

"Basi," akasema. "Nyumbani siendi."

Sikumwomba msamaha, wala yeye hakuudai. Naandika nikiwa mzee, nimefikiri jambo hili katika sala nyingi, na bado ningeteremka majini.

Alihamia kwenye moto wetu, kwa kuwa sasa hakuwa na lingine la kupoteza kwetu. Alivua tangu alfajiri. Mnyiramba aliendelea kubeba, na sasa mifuko ilikuwa miwili. Siku moja tukiwa tumekaa, kaka akamtazama mke wangu akikata mikanda.

"Zile nyama za mwanzo," akasema, "zilikuwa zenu."

"Ulijuaje, shemeji?" mke wangu akauliza.

"Kuna mtu wa Singida anayekata nyama hivyo? Huo ni mkono wa mama yetu. Yeye ndiye aliyekufundisha."

Kisha nikauliza, "Na ulikubali watoto wale?"

"Jua lilikuwa limezikausha, na mgeni amezibeba. Nilisema moyoni, labda huko njiani kile kitu kimedondoka." Akanitazama. "Wewe ulikuwa bado mbichi."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwetu kucheka pamoja tangu mtoto wetu azikwe. Nilikuwa nimezoea kumwona kaka yangu kama mtu aliyefungwa na giza, na huku yeye alikuwa amekaa nyumbani kwake akipima kila tonge, akitafuta njia ya kupokea chakula changu bila kuua mtu wake.

Baada ya hapo Mnyiramba alipanda kijijini akakawia. Tuliangalia njia siku ya kwanza na ya pili. Alipotokea kwenye kona ya mlima hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja mke wa kaka, na watoto, na nilipohesabu kwa macho nikaona watatu. Mgongoni mwa mama yao hapakuwa na kitu.

Kaka yangu aliweka fito chini. Mwanamke alisimama mbali, pale penye umbali wa desturi, akazungumza kutoka hapo.

"Alikuwa na homa," akasema. "Alikataa kunywa. Huyu bwana alifika asubuhi tukiwa bado tumemlaza mkekani. Yeye ndiye aliyechimba. Watu hawakuja."

"Hawawezi kuja," kaka akasema.

"Najua hawawezi. Sasa na sisi tumo."

Nikaelewa alichosema, na kaka naye akaelewa. Nyumba yake ilikuwa imeguswa. Hakukuwa tena na mtu wa kulindwa dhidi yetu. Kile alichokaribia kufa majini ili kisiwafikie watoto wake kilikuwa kimepanda mlima kwa njia yake chenyewe. Kama kilipita mikononi mwangu, au ilikuwa homa tu na njaa ya muda mrefu, kaka hakusema kamwe. Mimi naamini ilikuwa njaa. Yeye alikufa miaka mingi baadaye akiwa Mkristo mwema, na sijui aliamini nini.

Alimwita mkewe. "Njoo, basi. Njoo hapa."

Alikuja, akavuka ule umbali, na watoto nyuma yake. Mke wangu akawapa samaki mkononi, mkono kwa mkono. Wale watoto walikula wamesimama. Mkubwa alimtolea mdogo miiba. Mnyiramba alikaa pembeni, udongo wa kaburi ungali kwenye kucha, na hakufanya mzaha wowote siku ile.

Jua lilipokaribia ukingo wa bonde kaka yangu alinigusa bega.

"Alizikwa bila kusomewa," akasema. "Mwenzetu huyu alisema maneno yake, namshukuru. Lakini mtoto alibatizwa na wewe."

Kitabu cha sala sikuwa nacho, kilibaki kijijini. Tulikwenda kwenye gati, kwa sababu pale tu ndipo palikuwa pakavu na imara, tukasimama mmoja nyuma ya mwingine, maana upana haukutosha wawili. Niliisema sala ya maziko kwa kichwa nikitazama maji, na pale nilipokwama kaka alinikumbusha, kwani alikuwa ameisikia mara nyingi mno mwaka ule. Nilimshukuru Mungu kwa maisha ya yule mtoto. Neno hilo liliniwia zito mdomoni, lakini nililisema lote.

Waliitikia amina. Kisha kaka akageuka, akawatazama wale watoto watatu waliokuwa wakitetemeka kwa upepo, akaniuliza kama shoka liko kibandani, akate miti. Kibanda kilijengwa kwa watu watatu, akasema, na usiku haukuwa mbali.